Usikubali Kufomati: Ubuntu Yako Bado Ipo

SWALI



Mimi ni mwanafunzi wa rekodi za afya hapa Eldoret, naishi Langas. Laptopu yangu ni ThinkPad ya ex-UK. Ilikuwa na Ubuntu peke yake, na humo ndimo nimejenga mradi wangu wa mwisho wa diploma, ambao unatumia OpenMRS. Mwezi uliopita mwenzangu darasani aliniambia Linux Mint ni nyepesi zaidi, nikaisakinisha kando ya Ubuntu. Tangu hapo kila nilipowasha mashine ilinipa menyu, nikachagua mfumo ninaoutaka.

Baadaye nafasi ilianza kunibana. Nikiwa ndani ya Ubuntu nilifungua GParted, nikafuta patisheni ya Mint na kuipa Ubuntu ile nafasi. Siku hiyo niliendelea kufanya kazi bila shida. Asubuhi yake nilipowasha nikakuta skrini nyeusi yenye neno moja tu, grub>, na mashine inangoja niandike kitu.

Fundi mmoja wa mjini ameniambia mfumo umekufa. Anasema dawa ni kufomati diski na kuweka Windows kwa shilingi 2,500, na kwamba ataninakilia Documents zangu kwanza. Nawasilisha mradi baada ya wiki mbili. Sijalala vizuri. Nifanye nini?

Mwanafunzi, Langas

JIBU

Binti yangu, laptopu hiyo isiende kwa fundi huyo. Kama umeshaiacha kwake, ifuate leo kabla hajaigusa. Ubuntu yako ipo na mradi wako upo. Kilichoharibika ni faili moja ya mistari michache, na unaweza kuiandika upya kwa muda usiofika nusu saa, bila kulipa mtu yeyote na bila kununua bando.

Nianze na hilo neno linalokukosesha usingizi. GRUB ni programu ndogo inayouamsha mfumo wakati kompyuta inapowaka. Mafundi huiita butiloda. Ukiona grub> maana yake imeamka salama, imekwenda kutafuta menyu yake pale ilipoelekezwa, haikuikuta, na sasa inangoja uielekeze wewe. GRUB yenyewe inasomwa kutoka kwenye diski hiyohiyo. Diski ingekuwa imekufa, hata hiyo grub> usingeiona.

Sasa kwa nini haikuikuta menyu? Mashine za miaka hii huwaka kwa utaratibu wa UEFI. Mwanzoni mwa diski yako kuna patisheni ndogo ya FAT32 iitwayo EFI, na ndani yake kila mfumo huweka folda yake. Fedora huweka folda ya fedora, Debian huweka ya debian, Ubuntu huweka ya ubuntu. Mint imejengwa juu ya Ubuntu na inatumia GRUB ileile iliyotiwa saini kwa ajili ya Secure Boot, kwa hiyo nayo huandika kwenye folda ya ubuntu. Humo mna faili fupi iitwayo grub.cfg. Kazi yake ni kuiambia GRUB: tafuta patisheni yenye namba hii ya utambulisho, menyu iko huko.

Siku uliyosakinisha Mint, faili hiyo iliandikwa upya ikaelekeza kwenye patisheni ya Mint. Menyu uliyokuwa ukiiona kila asubuhi ilikuwa ya Mint, na Ubuntu ilitajwa ndani yake tu. Ulipofuta patisheni ya Mint, menyu ikafutika nayo, lakini yale maelekezo yakabaki vilevile. GRUB yako leo ni kama mgeni aliyepewa anwani ya nyumba iliyobomolewa. Hukuona chochote siku ile kwa sababu Ubuntu ilikuwa imeshaamka na haikuhitaji tena butiloda mpaka ulipoizima.

Kabla sijakupa dawa, tuizungumze ahadi ya fundi ya kunakili Documents, maana hapo ndipo mradi wako ungepotea kabisa.

OpenMRS haiweki kazi yako kwenye Documents. Wagonjwa wa majaribio uliowasajili, fomu ulizotengeneza, kamusi ya dhana uliyoijaza kipimo kwa kipimo, watumiaji na ruhusa zao, vyote viko ndani ya hifadhidata ya MySQL. Kwenye Ubuntu hifadhidata hiyo hukaa /var/lib/mysql, folda ambayo hata wewe mwenyewe huwezi kuifungua kwa kubofya kwa sababu ni mali ya mtumiaji wa mfumo aitwaye mysql. Kama uliiendesha kwa Docker, basi iko chini ya /var/lib/docker. Fundi angekurudishia ripoti yako na picha zako, ukashukuru, ukafika nyumbani ukagundua kwamba mfumo ulioujenga haupo. Unaweza kuendesha OpenMRS kwenye Windows pia, lakini ungeanza na hifadhidata tupu zikiwa zimebaki wiki mbili.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu OpenMRS ni zao la kazi iliyofanyika hapahapa Eldoret. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kwenye barabara ya kwenda Kapsabet, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, pamoja na Taasisi ya Regenstrief. Mfumo ule ulijengwa kwa Microsoft Access. Mpango wa AMPATH wa kuwatibu watu wanaoishi na virusi vya ukimwi ulipopanuka, ilihitajika hifadhidata yenye misuli zaidi. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa Regenstrief walianza kazi ya OpenMRS, na Februari 2006 ikawashwa Eldoret kabla ya mahali pengine popote. Kutoka hapa ikaenda Rwanda, Afrika Kusini na nchi nyingine nyingi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Eldoret anayejenga juu ya OpenMRS anaendeleza kazi ya nyumbani, na haifai kazi hiyo ifutwe kwa sababu ya faili moja iliyoelekeza pabaya.

Haya, tuingie kazini. Chomeka chaja kwanza. Betri za mashine za ex-UK nyingi zimechoka, na wakati huu wa mvua stima inaweza kukatika bila kukuaga. Chomoa flashi na diski za nje ili zisikuchanganye kwenye orodha. Kisha, palepale kwenye grub>, andika:

ls

Itakuletea majina kama (hd0) (hd0,gpt1) (hd0,gpt2). Hizo ni diski na patisheni zake. Kwa maelezo uliyonipa, gpt1 huenda ni ile ndogo ya EFI na gpt2 ni Ubuntu, lakini usikisie. Hakikisha hivi:

ls (hd0,gpt2)/boot/grub

Ukiona grub.cfg kwenye orodha inayokuja, umeipata Ubuntu. Ukipata kosa, jaribu namba nyingine. Amri ya ls husoma tu, haiandiki chochote kwenye diski, kwa hiyo jaribu mara nyingi upendavyo bila hofu. GRUB husoma kibodi kwa mpangilio wa Marekani, na kibodi ya Uingereza ina alama chache zilizohama, ila mabano, koma, mkwaju na alama ya sawasawa unazohitaji hapa ziko palepale zilipochorwa.

Ukishaijua patisheni, andika mistari hii miwili, ukibadilisha namba kama yako ni tofauti:

set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub
configfile (hd0,gpt2)/boot/grub/grub.cfg

Menyu ya Ubuntu itatokea. Huenda bado ikamtaja Mint. Mwache, wewe chagua Ubuntu. Itafunguka kama kawaida, na hapo nakuomba upumue.

Lakini usizime. Ulichofanya ni kuipa GRUB maelekezo ya mdomo ambayo itayasahau ukizima. Na kabla ya kuyaandika ya kudumu, okoa mradi. Fungua terminali uandike:

sudo mysqldump --all-databases > ~/hifadhidata.sql

Hiyo itakupa faili moja yenye hifadhidata zako zote. Iangalie ukubwa wake. Ikiwa ni sifuri, amri haikufanya kazi na usiendelee mpaka ujue sababu. Kama unatumia Docker, amri ya mysqldump itabidi uiendeshe ndani ya kontena la MySQL. Nakili faili hiyo pamoja na folda ya mradi kwenye flashi, kisha uweke nakala nyingine mtandaoni ukiwa chuoni, ambako hulipii bando. Flashi moja haitoshi kwa kazi ya miaka miwili.

Sasa tengeneza butiloda:

sudo grub-install
sudo update-grub

Amri ya kwanza inaandika upya folda ya ubuntu kwenye patisheni ya EFI na kuielekeza kwenye Ubuntu yako. Ya pili inatengeneza menyu mpya isiyo na Mint. Amri ya kwanza ikimaliza vizuri itasema haikukuta kosa lolote. Usiiamini kwa maneno tu. Andika sudo cat /boot/efi/EFI/ubuntu/grub.cfg uone ile namba ndefu ya utambulisho, kisha lsblk -f uilinganishe na namba ya patisheni ya Ubuntu. Zikifanana, zima na uwashe.

Kuna jambo moja linaloweza kukukwamisha. Ikiwa ulipoweka Ubuntu uliamua kuifunga diski nzima kwa nenosiri la usimbaji, basi boot iko kwenye patisheni yake, na njia itakuwa /grub badala ya /boot/grub. Ls itakuonyesha.

Ikiwa njia hiyo imegoma kabisa, chukua flashi uliyosakinishia Mint. Naamini hujaifuta, na kama umeifuta, mwombe huyo mwenzako wa darasani aliyekushauri, maana kuipakua tena ni karibu GB 3. Washa mashine huku ukibonyeza F12 (kwenye HP ni F9), chagua flashi, uingie Mint bila kusakinisha. Usibofye ile alama ya kusakinisha. Fungua terminali na uandike ls /sys/firmware/efi. Ukipata kosa, flashi imewaka kwa utaratibu wa zamani. Anza tena uchague ile iliyoandikwa UEFI.

Kisha lsblk -f ikuonyeshe patisheni. Hapa majina hubadilika: gpt2 ya GRUB huwa sda2, au nvme0n1p2 kama diski yako ni ya NVMe. Nitatumia sda:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi

Simama kidogo hapo. Hujaandika kitu bado, na hifadhidata yako iko mbele yako. Chomeka flashi ya pili, uifungue kwa kubofya, na uandike, ukiweka jina la flashi yako mahali pa JINA:

sudo tar -czf /media/mint/JINA/mysql.tgz -C /mnt/var/lib mysql

Nimechagua tar kwa sababu inahifadhi umiliki wa faili, jambo ambalo flashi ya FAT32 haiwezi peke yake. Flashi hiyo pia haibebi faili moja inayozidi GB 4, ila mradi wa diploma hauwezi kufika huko. Faili ikishakamilika, endelea:

for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/$i; done
sudo chroot /mnt
grub-install
update-grub
exit
sudo reboot

Amri ya chroot inaifanya terminali iione Ubuntu iliyo kwenye diski kama ndiyo mfumo unaoendesha, kwa hiyo grub-install inaandika kwa niaba ya Ubuntu na si kwa niaba ya flashi. Watu wengi wanaosema "niliendesha grub-install ikakataa" waliruka hapo.

Kuhusu fundi. Wapo mafundi wazuri sana mjini, wenye subira, wanaouliza kwanza data yako iko wapi ndipo washike bisibisi. Lakini kufomati kama dawa ya kwanza ni tabia mbaya, na lazima tuikatae kwa sauti, kwa sababu wanaoumia ni wanafunzi wasioweza kurudia kazi. Tena wewe unasomea rekodi za afya. Ikiwa siku moja laptopu yako itakuwa na taarifa za mgonjwa halisi, hata mmoja, kuikabidhi dukani ikiwa wazi ni jambo zito chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa mradi wa shule tumia wagonjwa wa kubuni peke yao.

Nina barua nyingine zinazokaribia yako, nizijibu hapahapa. Wapo walioweka Linux ya pili, zote mbili ziko salama, lakini menyu inaonyesha moja. Mara nyingi sababu ni kwamba tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, os-prober, ile programu inayotafuta mifumo mingine kwenye diski, huzimwa isipowashwa na mwenyewe. Watunzi walihofia usalama, kwa kuwa inafungua patisheni ambazo hazijulikani zimebeba nini. Kwenye mashine yako mwenyewe unaweza kuiwasha: fungua /etc/default/grub kwa sudo, weka mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, hifadhi, kisha sudo update-grub. Na kwa wenye mashine kuukuu zisizo na UEFI, zinazoonyesha grub rescue>, njia inakaribiana: weka prefix kama nilivyoeleza, ila gpt itakuwa msdos kwenye diski nyingi za aina hiyo, kisha andika insmod normal na normal. Ukiingia, amri ni sudo grub-install /dev/sda. Andika sda bila namba, maana unaiandikia diski yenyewe.

Nirudi kwako. Ukitaka kufuta Linux yoyote siku za usoni, ingia kwanza kwenye ile itakayobaki, endesha grub-install na update-grub kutoka humo, zima, washa, uhakikishe menyu ni yake. Ndipo ufute nyingine. Ukiufuata mpango huo, GParted haitakuumiza tena.

Na je, uirudishe Mint? Mimi singekushauri, angalau si kwenye diski moja na Ubuntu. Folda ni ileile, na sasisho la GRUB upande wowote linaweza kubadilisha maelekezo bila kukuuliza. Ukihitaji Linux ya pili kwa kujifunza, chagua Debian au Fedora, zenye folda zao. Lakini naona ulichotaka ni wepesi, na wepesi huo unaupata ndani ya Ubuntu uliyo nayo kwa sudo apt install xfce4. Ukifika kwenye ukurasa wa kuingiza nenosiri, bofya alama ya gurudumu uchague Xfce. Fanya hivyo baada ya kuwasilisha mradi, si kabla. Kwa wiki hizi mbili usiguse patisheni, na sasisho zikija ziendeshe chaja ikiwa imechomekwa, maana stima ikikatika na betri ikazima katikati ya kuandika kerneli mpya utarudi kwenye skrini nyeusi kwa njia nyingine.

Ukikwama, niandikie tena. Ambatisha picha ya kile ls inachokuonyesha kwenye grub>, matokeo ya lsblk -f kutoka kwenye flashi, na maneno kamili ya kosa jinsi yalivyo kwenye skrini. Nitakujibu moja kwa moja bila kusubiri toleo lijalo, kwa sababu tarehe yako iko karibu.